Kitabu Ukweni Siku za Idi

Idi inapoangukia Ijumaa, mapumziko yakajumlisha Jumamosi na Jumapili, mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Tanga hujaa tangu Jumatano. Na miongoni mwa abiria wanaoshuka Segera kunyoosha miguu, au wanaotoa mikono madirishani Muheza kununua machungwa, hawakosekani vijana waliooa au kuolewa mwaka uleule, ambao kwa mara ya kwanza wanakwenda kula sikukuu kwa wakwe zao. Nawaandikia hao. Naandika kama mtu aliyekuwa mkwe kwa zaidi ya miaka arubaini katika nyumba moja ya Ngamiani, na ambaye sasa, kwa majaliwa ya Mwenyezi Mungu, amepata wakwe wa kwake, hata akaijua kazi hiyo kwa pande zake mbili, ya kubisha hodi na ya kuiitikia. Nasaha zangu ni nyingi, walakini zote zinalizunguka jambo moja: kwamba pamoja na sukari, na kanga, na salamu za wazee wa nyumbani, mkwe achukue kitabu, tena ajue namna ya kukitumia, kwa kuwa kitabu kilekile kinaweza kumwingiza ndani ya nyumba ile, na kinaweza kumweka nje ya kizingiti chake siku zote tatu.

Ukwe katika pwani yetu, kutoka Moa mpaka Pangani, una haya zake, na haya hizo ndizo zinazoulinda. Utani ni wa mashemeji na mawifi, na wa babu na wajukuu. Ama baina ya mwanamume na mamavyaa yake, au baina ya mke na bavyaa wake, limetandwa pazia la staha ambalo, hata wakipendana namna gani, hakuna anayelipandisha ovyo. Huwezi kumwuliza baba mkwe huzuni yake ni ipi, wala yeye hawezi kukuuliza unapata kiasi gani kwa mwezi. Huwezi kumsifu mamavyaa uzuri wa nguo yake, wala yeye hatakwambia waziwazi kwamba umekonda na kwamba kukonda kwako kunamkosesha usingizi. Kwa hiyo, baada ya shikamoo na marahaba, na habari za safari, na za huko utokako, na za wagonjwa, na za mvua, hushuka kimya. Na katika kimya hicho kijana mgeni hudhani kwamba amechukiwa, ilhali wenyeji wanadhani kwamba yeye ndiye asiyependezwa. Hapo ndipo panapohitajika mtu mwingine wa kusemwa. Mtu wa riwaya, kama Rashidi, au Yusuf, au Adili nitakaowataja mbele, hana kwao wala ukoo wa kuonewa haya, na watu wawili waliofungwa na heshima wanaweza kumsema, wakamcheka, wakamghadhibikia, hata wakamlilia, juu ya mambo ambayo kumbe ni yao wenyewe. Na pazia halikupanda hata shubiri moja.

Kabla ya kitabu kuna njia, na hapa nitapita upesi. Fika siku moja kabla, tena kabla ya magharibi, kwa maana mgeni anayeingia usiku huwafanya wenyeji wapike mara mbili. Usihesabu siku kwa kalenda ya ofisini: mwezi huandama kwa amri nyingine, na nimewaona vijana walioomba ruhusa ya siku moja tu wakapanda basi la kurudi huku takbiri zingali zikisomwa. Zakaa ya fitri ya nafsi yako na ya mkeo itoe mapema, usimwachie baba mkwe akutolee kana kwamba wewe ni mtoto anayelelewa. Asubuhi ya Idi toka kwenda kuswali pamoja na wanaume wa nyumba ile, usitangulie wala usingoje kuitwa mara tatu. Na mkirudi, kula unachotengewa, ikiwa ni pilau au ikiwa ni bada kwa mchuzi wa papa, na usiseme hata kwa wema kwamba kwenu hupikwa vingine.

Zawadi sitaipita upesi, kwa sababu kosa langu la kwanza la kusoma nililifanya hapo, wala halikuwa la kitabu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980, wakati sukari, sabuni na nguo vilipokuwa adimu katika nchi yetu, hata mtu akipata mche wa sabuni alikwenda nao nyumbani ameufunga kwa gazeti usionekane. Nilipata doti moja ya kanga kwa kusimama foleni tangu alfajiri katika duka moja la Dar es Salaam, na kwa furaha ya kuipata sikuikunjua. Niliona rangi, nyekundu na nyeusi, nikaona pindo pana, nikaitia mkobani. Nilipofika nikampa mke wangu ampe mama yake, kama ipasavyo. Mamavyaa akaikunjua ukumbini mbele ya wajukuu, akaitandaza juu ya mapaja yake, akayanyoosha maandishi kwa kiganja mpaka yakalala sawa chini ya mji wa kanga, akayasoma kimya, midomo yake ikicheza kidogo, kisha akaikunja upya kwa mikunjo ileile ya dukani, akasema, “Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie.” Idi ile hakuivaa, wala Idi iliyofuata. Mwaka wa pili ndipo mke wangu aliponieleza kwamba maneno yale yalikuwa kijembe cha kumsuta jirani achunguliaye vyungu vya wenzake, na kwamba mama yake alikuwa amepatanishwa na jirani wa ua wa pili katika Ramadhani ileile, baada ya kununiana miaka mitatu. Lau angejifunga kanga ile akatoka nayo uani asubuhi ya Idi, suluhu yote iliyofungwa na wazee ingekatika kama uzi.

Basi isome kanga kabla ya kuilipia, tena isome kwa sauti, mbele ya muuzaji, umwulize watu wanaitumia kwa maana gani. Kwa mamavyaa chagua maneno ya dua, au ya shukrani, au ya sifa za mama, na mafumbo yote yaache dukani, hata yale unayodhani kwamba umeyaelewa, kwa sababu fumbo la kanga hufasiriwa na mtaa, halifasiriwi na mnunuzi. Mwanamke asiyewahi kushika riwaya maishani mwake anaweza kuwa msomaji mkali kuliko wewe katika mita moja na nusu ya pamba. Na kijana atakayelifahamu hilo amekwisha kuacha kiburi cha kudhani kwamba yeye ndiye anayekuja ukweni na kusoma, na wenzake wanakaa wakingoja kusomewa.

Kosa la pili lilikuwa la kitabu chenyewe, na nalieleza kwa urefu kwa kuwa nimeona likirudiwa na watu wema. Safari ileile nilikuwa nimechukua Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1979, inayosimulia maisha ya Rashidi na wachukuzi wenzake katika bandari ya Unguja, mpaka kufikia mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Ilikuwa riwaya ya kuzungumzwa na kila kijana siku zile. Kwa kuwa nilikuwa na haya, na sikujua la kusema, siku ya Idi baada ya chakula nilikaa pembeni mwa baraza nikauficha uso wangu ndani yake tangu adhuhuri hata alasiri ikaadhiniwa, nikidhani kwamba nafanya adabu kwa kutowasumbua watu. Kumbe ndani mamavyaa anamwuliza mwanawe kwa sauti ya chini, “Mumeo ana nini? Chakula chetu hakikumpendeza?” na mashemeji zangu wawili, waliokuwa wamepanga kunichukua Raskazone kuoga baharini, wamekwenda zao bila ya kuniita, wakiamini kwamba nina mtihani. Mgeni asomaye peke yake machoni pa wenyeji wake haonekani kuwa yuko kitabuni. Huonekana kwamba hayuko nyumbani mwao.

Usiku wake umeme ulikatika. Baba mkwe, ambaye mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika jicho la kulia, aliwasha taa ya chemni, akaisogeza karibu na mkeka niliokalia, akakinyoshea kidole kile kitabu. “Kinasemaje hicho, mwanangu? Tusomee na sie.” Nikaanza pale nilipokuwa nimefika. Sikumaliza ukurasa wa pili akanisimamisha kwa kuinua mkono, nilikuwa nimesoma habari za makuli na mizigo yao, naye akauliza, “Meli yao imefunga gatini au imetia nanga kati?” Sikujua, na wala haikuwahi kunipitia akilini kwamba kulikuwa na tofauti. Ndipo alipoanza yeye.

Nilifahamu kwamba mzee yule alikuwa amestaafu bandarini, lakini kazi yake sikuijua. Akachukua kisahani cha kashata, akakiweka katikati ya mkeka, ikawa meli. Nyuma yake akaweka tasbihi yake imekunjwa, ikawa Kisiwa cha Toten kinachoikinga ghuba ya Tanga. Na kibiriti kikawa tishari. Akakisukuma kibiriti kwa kidole kimoja, polepole, kutoka ukingo wa mkeka, ambao ndio forodha, hata ubavuni mwa kisahani, akanieleza kwamba katika Tanga ya siku zake meli kubwa hazikufika ukutani hata kidogo, bali zilitia nanga kati, na kila kitu kilichoingia au kutoka kilivuka maji juu ya matishari: saruji, chuma, mitambo, na zaidi ya yote marobota ya mkonge, ambayo robota moja lilikuwa na uzito wa kilo 250. Yeye alikuwa karani wa kuhesabu marobota juu ya tishari, amesimama na daftari mvua ikinyesha na jua likiwaka, bahari ikiinuka na kushuka chini ya nyayo zake. Akaeleza jinsi mawimbi ya kusi yalivyolifanya tishari liukimbie ubavu wa meli na kisha liurudie kwa kishindo. Na jinsi siku moja mwenzake, ambaye walikuwa wamekunywa kahawa pamoja asubuhi ile, aliacha mkono wake baina ya viwili hivyo. Kibiriti kikagusa kisahani, na mzee akanyamaza. Mamavyaa alikuwa amekaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama desturi yake nilipokuwapo, na katika kimya kile nikamsikia akisema, taratibu, “Haya hukunambia hata siku moja.” Walikuwa wameoana miaka thelathini na kitu.

Tulisoma Kuli usiku ule na usiku uliofuata. Sikumbuki kwamba tulimaliza sura mbili. Lakini kesho yake asubuhi mamavyaa alinitolea vitumbua mwenyewe, kwa mkono wake, badala ya kumtuma mtoto, na baba mkwe akaniita kwa jina langu kwa mara ya kwanza, bila ya “bwana” mbele yake.

Nimelifikiri jambo lile kwa miaka mingi, na naona kwamba siri yake haikuwa uzuri wa riwaya, ingawa riwaya ni nzuri. Siri yake ni kwamba kilikuwa kitabu ambacho mwenyeji wangu aliyajua mambo yake kuliko mimi. Ningekuwa nimechukua kitabu cha fani yangu, ningesoma na yeye angesikiliza kwa adabu, kama asikilizavyo hotuba, na tungelala mapema. Kwa hiyo unapochagua kitabu cha kwenda nacho ukweni, usijiulize kipi kitakuonyesha kuwa msomi. Jiulize wakwe zako wamefanya kazi gani, wamekaa wapi, wamekumbana na nini, kisha tafuta kitabu kitakachowafanya wao kuwa walimu. Baba mkwe aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Amboni au Muheza, mamavyaa aliyezaliwa Pangani na kukulia kati ya watu wa majahazi, shangazi aliyefundisha kusoma watu wazima katika miaka ya 1970: kila mmoja wao ana kitabu chake mahali fulani, na kukitafuta ni nusu ya heshima unayompelekea.

Katika Tanga kazi hiyo imerahisishwa, kwa kuwa mwandishi ambaye Waswahili wamemweka juu ya waandishi wao wote ni mtoto wa palepale. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji, akaingia kazi ya serikali katika idara ya forodha mwaka 1926, akazunguka vituo vingi, akarudi kufanya kazi Tanga, akafariki mwaka 1962. Na hapana mzee wa pande zile asiyekuwa na neno juu yake, alilolishuhudia au alilolisikia kwa mkubwa wake. Kusadikika, alichokitoa mwaka 1951, kinafaa sana nyumba yenye watu wengi, kwa sababu ndani yake Karama anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita, kila mmoja na safari yake na mateso yake. Unaweza kusoma mjumbe mmoja kwa usiku, na asiyekuwapo jana hakupotezwa leo. Lakini kwa ukweni mimi napenda zaidi barua zake, zile alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu mwaka 1931 hata 1958, zilizokusanywa na kutolewa kitabu mwaka 2002. Barua husomwa kwa muda mfupi, baina ya swala na chakula, na kila barua ya mtu kwa ndugu yake humkumbusha msikilizaji ndugu yake mwenyewe. Nimemwona baba mkwe, baada ya barua mbili tu, akiomba karatasi na kalamu.

Idi ya majuzi zamu yangu ilifika. Mkwe wangu, kijana mwenye asili ya Morogoro, alikuja na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa mwaka 2022 ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Humo mna mtoto, Yusuf, anayechukuliwa na tajiri amwitaye ami, naye hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kijana alikuwa na adabu ya kuniuliza. “Baba, mambo haya yalikuwapo kweli huku kwenu?” Nikamweleza niliyoyasikia kwa wakubwa juu ya watu waliofungwa na madeni, na juu ya misafara iliyotoka Tanga na Pangani kwenda bara, na kwa kuwa hadithi ile inaishia vita vya Wajerumani vikikaribia, alasiri yake nikamchukua kwa miguu mpaka Raskazone, pwani ileile ambako mwanzoni mwa Novemba 1914 majeshi ya Waingereza yaliyoletwa kutoka Bara Hindi yaliteremka, yakapigwa na askari wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika, na yakashambuliwa na nyuki waliotibuliwa mizingani, kisha yakarejea melini kwa fedheha. Tukakaa juu ya mwamba, watoto wakaoga. Aliniuliza tena juu ya baba wa Yusuf, kwamba mtu anawezaje kumtoa mwanawe namna ile. Sikuwa na jibu la kumpa, lakini nilikuwa nimemtoa binti yangu miezi saba kabla ya siku ile, tulipomsindikiza kwenda kwake, na nadhani alilifahamu hilo, kwa maana aliinama akaacha swali lake hapo.

Kwa mkaza mwana mambo ni mazito zaidi, na sitalificha. Mwanamume akikaa barazani na kitabu huitwa mtaratibu. Mkaza mwana akikaa na kitabu wakati mawifi wanamenya vitunguu huitwa mvivu, na jina hilo litamfuata mpaka ajifungue mtoto wa tatu. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, na nawaomba wanaume wa nyumba hizo wasimame wachukue visu na vitunguu. Walakini mpaka watakaposimama, nampa nasaha bibi arusi mgeni ya kuingia jikoni kwanza kwa mikono miwili, na kitabu kimfuate baadaye uani, ambako kazi ni ya kukaa. Shemeji yangu mdogo aliiweza hekima hiyo kuliko sote. Siku moja ya mkesha wa Idi, wanawake wamekaa duara, huyu juu ya mbuzi anakuna nazi, huyu anachambua mchele, yeye akakaa kati akawasomea wasifu wa Siti binti Saad aliouandika Shaaban Robert: binti wa Fumba, mfinyanzi wa vyungu, aliyekuja mjini Unguja, akaimba, akasafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika santuri. Mbuzi zikasimama. Mamavyaa, ambaye katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitaja mambo ya ngoma, akafuta mikono yake kwa upindo wa kanga, akaanza kusimulia jinsi wao walivyokwenda kuwasikiliza Black Star ya Tanga, na jinsi Shakila, mtoto wa Pangani, alivyosimama mbele ya watu akiwa bado msichana. Akaimba ubeti mzima kwa sauti nyembamba isiyotetemeka, mikono yake nyeupe kwa machicha. Bibi arusi aliyeletwa mwaka ule, aliyekuwa hajapata kumwona mamavyaa yake akitabasamu, aliangua kicheko cha furaha, na hakuna aliyemtazama vibaya.

Tahadhari ziko, nazo si ndogo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni riwaya niipendayo, lakini Yasmin na Denge wana mambo yao ya faragha ambayo si ya kusomwa kwa sauti mbele ya mamavyaa, isome kitandani. Adili na Nduguze, hadithi ya ndugu wawili wahasidi wanaomdhulumu mwenzao aliyewatendea hisani, usiisome katika nyumba yenye mirathi isiyogawanywa, kwa maana kila mmoja atajiuliza nani kati yao ndiye Hasidi na nani ndiye Mwivu, na wewe utakuwa umewagombanisha bila ya kujua. Utendi wa Mwana Kupona, aliouandika mama yule wa pwani ya Lamu mwaka 1858 kumwachia binti yake wasia, ni johari, lakini mama wa mume akimzawadia mkaza mwana wiki ya kwanza itakuwa amemwambia, “Hukufundwa kwenu.” Wasia hutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanawe, ukitoka ng'ambo ya pili huwa lawama. Na kama baba mkwe anasoma Kurani pamoja na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969, wakati wewe umeizoea ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, usilinganishe tafsiri hizo mbele yake hata ukiulizwa. Mwombe akusomee aya aipendayo, usikilize.

Juu ya simu nina neno moja. Najua kwamba vijana wengi husomea humo, wala sioni dhambi. Lakini aliyekaa upande wa pili wa ukumbi haoni ukurasa, anaona mwanga usoni pako na kidole chako kinachopanda na kushuka, na dhana yake itakwenda atakako shetani. Ukisomea simuni, sema unasoma nini, au bora zaidi kipate kitabu cha karatasi kwa siku hizo tatu, hata kwa kukiazima maktaba. Na unaposoma kwa sauti, soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Nyamaza adhana inapoanza na kahawa inapoingia. Mzee akikukatiza, funga kitabu juu ya kidole chako na umtazame, usikishikilie wazi kama mtu anayengoja zamu yake. Na akilitamka neno namna nyingine, kwa lafudhi yake ya Kidigo au Kibondei, liache lilivyo, kisha umwulize maana. Hayo yote yanawahusu vilevile wanaokwenda Magila au Korogwe kula Pasaka, ambao wana siku nne, tangu Ijumaa Kuu hata Jumatatu, na kwa hiyo wana usiku mmoja zaidi yetu.

Siku tuliyoondoka, safari ile ya kwanza, baba mkwe aliniita chumbani. Alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akalifungua, akatoa kitabu kilichofungwa jalada la karatasi ya kaki, kona zake zimeshonwa kwa uzi. Baina ya kurasa alikuwa ameweka majani makavu ya mwarobaini, kwa sababu ya wadudu, na katika ukurasa wa mwanzo jina lake limeandikwa kwa wino uliokwisha kuwa hudhurungi. Kilikuwa Kusadikika. “Macho yangu hayakiwezi tena,” akasema. “Kisome, kisha ukirudishe.” Nilikisoma mara mbili, na jalada lake sikulivua. Ningeweza kukituma kwa basi, au kwa mtu aliyekuwa akienda Tanga, na watu wawili walijitolea kunichukulia. Nikakataa, nikakingoja mpaka Idi ya Mfunguo Tatu, nikakipeleka kwa mkono wangu. Nilimkuta barazani saa ya magharibi, taa ya chemni imekwisha kusuguliwa ikang'aa, na mkeka wa pili umetandikwa kando ya wake.

Ewe kijana uendaye ukweni Idi hii, ukiazimwa kitabu huko, kirudishe mwenyewe.